Pembe Mbili za Ukurasa

Kina pembe nne lakini si mnyama. Hakina miguu, kimefika Geita, Tinde na Songwa kwa siku moja. Hakina mikono, kimemkamata mtu mzima mwenye mke na leseni. Hicho ndicho Sajenti Nyamizi alichokuwa amekitandaza mezani tangu saa moja asubuhi ya Jumatano, katika kituo cha polisi Kahama, akakiinamia kama mama anayemtafuta mtoto chawa.

Ilikuwa karatasi.

Mwaka huo wa 1999, waliojua mtandao ni kitu gani pale Kahama wangeweza kukaa kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Khushbu, binti wa duka la vifaa vya ofisi mtaa wa Nyasubi, alikuwa na ukurasa huko mtandaoni, ukurasa wa matangazo ya watu wa dhahabu. Wanunuzi wa Nairobi na Dubai waliusoma kwenye kompyuta zao. Watu wa hapa kompyuta hawakuwa nayo, kwa hiyo kila Jumatatu ukurasa ulichapwa, ukapanda mabasi, ukabandikwa kwenye mbao za matangazo kuanzia machimboni Geita hadi Songwa kwa watu wa almasi. Wakauita karatasi ya Khushbu.

Ulikuwa na visanduku tisa, mistari mitatu yenye vitatu vitatu. Vitano vilikuwa na picha: vile vinne vya kwenye pembe, na kimoja cha katikati. Vingine maneno matupu.

Jumatatu hii karatasi ilikuja na sura mpya. Rangi ya njano badala ya buluu, herufi kubwa. Na kwenye pembe ya chini, kushoto, palikuwa na tangazo ambalo halikuwahi kuwapo: TAHADHARI. MTU HUYU NI TAPELI. ANACHUKUA DHAHABU KUPIMA, ANARUDISHA SHABA. Chini yake, Kamati ya Wachimbaji, Geita. Juu yake, picha ya Sabiti.

Sabiti alikuwa broka wa dhahabu, mkazi wa Nyasubi, mtu wa maneno machache. Jumanne saa nne asubuhi walimkuta sokoni amebeba nyanya. Nyanya zilikanyagwa kwanza, halafu yeye. Mgambo walimtoa akiwa na kiatu kimoja, na tangu hapo yumo mahabusu, uso umevimba, na kila anachoulizwa anajibu maneno mawili: "Siye mimi."

"Mama Paskalina, hiyo karatasi utaitoboa kwa macho," alisema Inspekta Jilala, mkuu wa upelelezi, akiingia na kikombe cha chai. Alimwita hivyo kwa jina la binti yake mkubwa, tena mbele ya watuhumiwa. "Geita wamepiga simu ya upepo. Wanamtaka mtu wao. Saa kumi gari linaondoka naye."

"Akifika Geita watamtambua, afande, au watamtwanga?"

"Kutambua kwanza."

"Karasha la kusaga mawe halina kwanza. Ukitia jiwe, limetwangwa."

Jilala akapuliza chai yake. Nyamizi alifungua jalada, akamsomea maelezo ya shahidi mkuu, mchimbaji aliyetapeliwa.

"'Mtu huyo alikuja machimboni kwetu magharibi, taa ilikuwa hafifu, uso sikuushika vizuri. Nimemtambua kwa kuwa ndiye aliye kwenye karatasi.'" Akanyanyua macho. "Yeye kamtambua kwa karatasi. Karatasi ilimtambua kwa nani?"

"Kwa katibu wa kamati. Yeye ndiye aliyepata picha ya huyo tapeli, akaileta mwenyewe kwa Khushbu kwenye bahasha."

"Yuko wapi katibu?"

"Kasikia Tunduru kuna mawe ya vito. Amepanda lori Ijumaa."

"Na aliyetengeneza ukurasa?"

"Rushabh, binamu yake Khushbu, anakaa Mwanza. Nimewaomba wenzetu wa Mwanza wamfuate. Amevuka ziwa, yuko harusini Bukoba. Simu ya kawaida imekatwa nyaya tangu Jumapili." Jilala aliweka kikombe juu ya kona ya karatasi. "Una mpaka saa kumi. Baada ya hapo mimi sina mtu, nina amri."

Nyamizi aliondoa kikombe, akaifuta karatasi kwa kiganja, akatoka nayo.

*

Khushbu alikuwa peke yake dukani, nyuma ya mashine ya fotokopi, macho mekundu.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba, binti. Hujalala?"

"Watu wanapita mlangoni wananiambia asante kwa kutuonyesha mwizi. Wengine wananiambia nitachomewa duka. Sijui nimsikilize nani."

"Nisikilize mimi. Nifundishe huu ukurasa kama unavyomfundisha bibi yako. Nikikuuliza swali la kijinga, usicheke."

Khushbu alivuta kiti. Alisema ukurasa una mwili na una vazi. Mwili ni maneno na picha za watu. Vazi ni mpangilio wake: rangi, herufi, nani akae wapi. Mwaka mzima walikuwa na vazi la buluu. Wiki iliyopita Rushabh aliuvua, akauvika la njano.

"Nani alitaka livuliwe?"

Binti akatazama fotokopi. "Bwana Liaquat. Alisema la zamani linalifanya duka lake lionekane banda la kuku."

Nyamizi aliandika jina hilo. Liaquat alikuwa mnunuzi mkubwa wa dhahabu mjini. Kama kuna mtu wa kufurahi Sabiti akianguka, ni yeye.

"Sasa ukibadilisha vazi, watu hawahami viti?"

"Thubutu!" Khushbu akanyanyua mikono. "Sajenti, wewe unaijua Kahama. Hapa kisanduku ni kama kiti msibani, kila mtu ana pake. Mwaka jana nilimsogeza mwenye nyumba ya wageni hatua moja tu, akaja na shangazi zake watatu kuniuliza amenikosea nini. Kwa hiyo nilimwandikia Rushabh kwa wino mwekundu: badilisha vazi, lakini mtu yeyote asihame alipo. Hata kidogo."

"Na hakuna aliyehama?"

"Hakuna. Tazama." Alitandaza karatasi ya wiki iliyopita kando ya mpya. "Duka la Liaquat juu kushoto, lipo. Basi la Mwanza katikati, lipo. Karasha la kukodisha chini kulia, lipo. Tangazo la Sabiti juu kulia, lipo palepale."

Nyamizi alitazama juu kulia. SABITI, MNUNUZI MWAMINIFU, MIZANI YA HAKI. Kando ya maneno hayo palikuwa na picha ya mtu mwembamba, kipara, anayetabasamu.

"Huyu si Sabiti."

"Nilidhani ni mwenzake. Mara nyingi watu wanabadilisha picha, leo yeye, kesho mdogo wake. Safari hii kwa Sabiti waliniletea picha mpya ndani ya bahasha. Mimi bahasha za watu sifungui. Naandika namba juu yake, naweka kwenye basi pamoja na disketi. Mashine ya kunasa picha iko Mwanza."

"Nipe daftari la namba."

Daftari lilikuwa safi, mwandiko wa mtoto wa shule ya masista. Moja, Liaquat. Tatu, Sabiti. Tano, basi. Tisa, karasha. Kwenye mstari wa Tahadhari, namba ilikuwa imekatwa kwa kalamu, ikaandikwa nyingine juu yake.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Tisa. Nikakata, nikaandika saba."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuiweka pale chini kulia, mwenye karasha akasema hakai mtu kitini pake hata kama ni wa serikali. Kiti cha saba kilikuwa wazi, mwenye dawa za mifugo amehama mji."

"Ulikata kabla ya katibu kuondoka au baada?"

"Kabla. Baada." Khushbu akashika kichwa. "Sijui, Sajenti! Alikuwa na haraka, lori lilikuwa linapiga honi."

Nyamizi alifunga daftari. Kama mashine ilikosea, mbona duka la Liaquat liko sawa, basi liko sawa, karasha liko sawa? Mashine ikilewa inalewa yote. Mkono wa mtu ndio unaochagua. Na mkono wa mtu ulikuwa umekata namba katika mstari mmoja tu.

"Daftari hili nakwenda nalo," alisema.

Khushbu alimwachia. Alikuwa ameanza kulia tena, bila sauti, huku akizipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

*

Liaquat alimpokea mlangoni, akamwondolea paka kwenye kiti.

"Karibu, dada yangu. Chai?"

"Nimeshiba maswali. Ni wewe uliyetaka ukurasa ubadilishwe?"

"Mimi. Nilitaka picha ya duka langu iwe kubwa. Imekuwa kubwa? Imekuwa. Nina kosa?"

"Siku hiyohiyo mpinzani wako akawa mwizi."

Liaquat aliondoa miwani, akaifuta kwa shati. "Sabiti ni mpinzani wangu Jumamosi mpaka Alhamisi. Ijumaa ananipisha safu ya mbele msikitini kwa sababu ya goti langu. Nikitaka kumwangusha, nitamwangushia bei. Hivi unadhani nitamwita mwizi kwenye karatasi ambayo duka langu liko juu kabisa? Leo watu wanapita wananiuliza na mimi kama napima kwa shaba!"

"Uliwahi kuongea na Rushabh wewe mwenyewe?"

"Mara moja, kwa simu. Nikamwambia ukubwa. Akaniambia Khushbu amemkataza kugusa viti. Nikamwambia vizuri, usiguse." Akavaa miwani. "Mimi ningekuwa wewe, ningemuuliza yule mwenzake Sabiti."

"Mwenzake yupi?"

"Huyu hapa, mwenye kipara." Kidole chake kilitua pembe ya juu kulia. "Jana nilikuwa natoka Shinyanga, nikasimama Tinde kula mishikaki. Nikamwona kwa macho yangu, amesimama mbele ya ubao, kidole kwenye picha. 'Ni mimi huyu, jamani, mnunuzi mwaminifu, karatasi haisemi uongo.' Watu wamempangia foleni na vichupa vyao vya dhahabu. Nikasema kimoyomoyo, Sabiti kapata mtu mjanja."

"Sabiti yuko mahabusu na mwenzake anapima Tinde?"

"Biashara haina matanga, dada."

Nyamizi alitoka akiwa na kichwa kizito kuliko alichoingia nacho. Kitendawili chenye jibu moja ni mchezo. Chenye majibu mawili ni ugomvi. Na hiki chake sasa kilikuwa na matatu. Khushbu alikata namba. Liaquat alitaka vazi. Na mtu asiyejulikana alikuwa Tinde anajinadi kwa jina la Sabiti. Wote watatu walikuwa wamemweleza vizuri, na kila alipowaunganisha, mmoja alibaki nje.

*

Kwenye baraza ya kituo, juu ya benchi la kungojea, mwanamke aliyejifunga khanga mbili alikuwa amekaa na hotpoti magotini. Alikuwapo asubuhi. Nyamizi akakumbuka kwamba hata jana jioni alikuwapo.

"Mama, unamngoja nani?"

"Shikamoo. Mimi Zuhura, mkewe Sabiti. Nimemletea uji, wameniambia nisubiri."

"Tangu jana?"

"Ule wa jana nimeumwaga. Huu wa leo."

"Kuna mtu amekuandika maelezo?"

"Nani ataniuliza mimi? Mimi sijui mambo ya dhahabu."

Nyamizi aliketi kando yake. Akaitandaza karatasi juu ya mfuniko wa hotpoti. "Umeiona hii?"

"Nimesikia habari zake tu. Ya sokoni waliichana. Tena mimi kusoma ni kwa shida." Zuhura aliinama, akapitisha macho juu ya picha pole pole, duka, basi, karasha. Akafika pembe ya chini kushoto. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulionyesha kuudhika, kama mtu aliyekuta sufuria yake jikoni kwa jirani.

"Mbona wameiweka huku?"

"Wameweka nini?"

"Picha yangu. Hii nimeipeleka mimi, kwa ajili ya tangazo letu. Tangazo letu si liko huku juu?"

"Una hakika ni hiyohiyo? Katibu wa Geita alileta picha yake."

Zuhura hakubishana. Alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa, na ndani yake picha tatu za pasipoti. Wapiga picha wa Nyasubi hukupigia nne. Sabiti alikuwa amekaza shingo mbele ya pazia lenye maua.

"Tazama kola," alisema. "Siku hiyo kifungo kilikatika mlangoni kwa mpiga picha. Nikambana kola kwa pini yangu ya khanga. Akanuna. Hii pini, ile pini."

Nyamizi alisogeza picha hadi ikagusana na ile ya karatasi. Pazia lilelile, shingo ileile, na kwenye kola pini imekaa upande.

"Ya nne iko wapi?"

"Ndiyo niliyoitia kwenye bahasha, nikampa Khushbu mkononi, Alhamisi."

"Na huyu wa juu, mwenye kipara, ni nani wenu?"

"Simjui."

"Mwenzake Sabiti wa biashara?"

Zuhura akacheka, mara ya kwanza. "Sabiti? Mimi nimemzalia watoto wanne na mizani yake sijaigusa. Atapata mwenzake wapi?"

Saa nane na robo. Picha ya Sabiti, iliyotoka kwa mkewe kwa ajili ya sifa, ilikuwa imekaa chini ya lawama. Hilo sasa lilikuwa hakika. Lakini imefikaje huko peke yake, na nyingine zote zimetulia?

*

"Rudia," Nyamizi alimwambia Khushbu. "Rushabh alipovika vazi jipya, maneno yaliingiaje?"

"Maneno aliyabandika kwa mkono. Nilimkataza kuhamisha watu, kwa hiyo aliweka karatasi ya zamani mbele yake, akatazama nani yuko wapi, akamwandika palepale. La Tahadhari akaliweka kwenye kiti cha mwenye dawa."

"Na picha?"

"Picha zinajipanga zenyewe. Zina namba, vazi linazisoma namba na kuziweka kwenye visanduku."

"Kwa hiyo maneno yalifuata macho ya Rushabh, picha zikafuata namba."

"Ndiyo. Ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja kama namba zinatembea njia ileile." Nyamizi alichukua kalamu, akachora visanduku tisa nyuma ya stakabadhi. "Hesabu za vazi la zamani."

Khushbu alihesabu kwa mstari, kama mtu anayesoma: moja, mbili, tatu juu, nne, tano, sita katikati, saba, nane, tisa chini.

"Na jipya?"

"Hivyo hivyo."

"Umeona au umedhani?"

Khushbu akavuta droo. Alitia disketi kwenye kompyuta. Mashine ilikoroma kwa muda mrefu, Nyamizi akasimama nyuma ya kiti akitazama maandishi ambayo kwake yalikuwa kama nyayo za kuku. Binti alishuka nayo, akapanda, akashuka tena.

"La zamani lilikuwa meza yenye mistari," alisema polepole. "Hili ni nguzo. Nguzo tatu zimesimama. Sielewi kwa nini… Sajenti, sijui lina maana gani."

Nyamizi nguzo za kompyuta hakuzijua, lakini matuta aliyajua.

"Sikiliza. Nikiwa msichana, baba alitupa mimi na kaka yangu matuta matatu kandokando ya pamba, kila tuta mashimo matatu. Akasema, shimo la tatu tieni boga, la saba tieni tikiti. Mimi nikahesabu kwa kufuata tuta, mpaka mwisho, ndipo nikaruka la pili. Kaka yangu mvivu, hakutaka kutembea. Akahesabu kwa kukata matuta. Kila mmoja akapanda mbegu zake. Unajua kilichoota?"

"Kilichoota nini?"

"Mashimo mawili tu, kila moja lina boga na tikiti zinakabana koo. La tatu langu ndilo la saba lake. La saba langu ndilo la tatu lake. Baba alitupiga sote, hakujua amwache nani." Akamsogezea kalamu. "Hesabu sasa kwa nguzo. Shuka chini, kisha urudi juu."

Khushbu akahesabu. Moja, mbili, tatu, akafika pembe ya chini kushoto, kalamu ikasimama hapo. Nne, tano, sita. Saba. Pembe ya juu kulia.

"Na moja?" Nyamizi aliuliza.

"Palepale."

"Tano?"

"Palepale, katikati. Tisa palepale." Akageuka na kiti chake chote. "Ndiyo maana duka, basi na karasha havikuhama! Na mbili, nne, sita, nane hazina picha, hakuna ambaye angeona kitu."

"Kwa hiyo hakuna mkono wa mtu."

"Kuna mkono wangu," alisema Khushbu. "Ningeacha watu wahame viti, Rushabh angeacha maneno nayo yafuate namba. Vyote vingehama pamoja."

Nyamizi aliichukua karatasi. Alikuwa anaitazama pembe ya juu kulia, namba saba ya nguzo, na mtu mwenye kipara anayetabasamu kando ya maneno MIZANI YA HAKI.

*

Gari lilikuwa limeshawashwa uani. Inspekta Jilala alimkuta Sajenti wake amepanga vizibo tisa vya soda mezani pake, kimoja chekundu pembe ya juu kulia, kimoja cheusi pembe ya chini kushoto.

"Kitendawili, afande."

"Sina muda."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Tisa wamelala. Watatu hawajajigeuza, wanne wamegeuka bila mtu kuwaona, wawili wamebadilishana vichwa."

"Nakupa mji, chukua Geita. Nipe jibu."

Akamweleza. Alihesabu vizibo kwa mstari, akavihesabu kwa nguzo, akaweka picha za Zuhura mezani, na pini. Jilala alimwambia arudie. Akarudia. Akaomba avihesabu mwenyewe, akakosea, akaanza upya, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Ngoja. Kama uso wa Sabiti umekwenda kwenye Tahadhari…"

"Ndiyo."

"…uso wa Tahadhari umekwenda wapi?"

Nyamizi alisogeza kizibo chekundu mbele yake. Jilala akaweka kidole kwenye pembe ya juu kulia ya karatasi.

"Mnunuzi mwaminifu," alisema.

"Jana alikuwa Tinde, afande. Kaiona picha yake ubaoni, kakuta tumemwandikia sifa. Nani angekataa?"

Jilala alikuwa ameshafika kwenye simu ya upepo. Ilipiga miluzi, ikakohoa, halafu sauti ya koplo wa Tinde ikatoka ndani yake, changamfu.

"Mwenye kipara? Namjua, afande! Yule bwana mwaminifu wa kwenye karatasi. Ameondoka saa sita kwa basi la Songwa. Over."

"Kila aliyempa chochote apime, aje kuandika maelezo. Over."

Miluzi tena.

"Afande, kuna kitu kidogo cha shemeji yangu, nilimpa mimi apime. Amenirudishia, kinang'aa vizuri tu. Over."

"Kilambe uone kama si shaba," alisema Jilala, akatua simu. Alikwenda dirishani, akamwashiria dereva azime gari. Aliporudi alikuwa na funguo mkononi. "Geita nitawaandikia mimi mwenyewe. Wewe ingia gari hilohilo, nenda Songwa. Kwanza mtoe mtu wako."

Mahabusu palikuwa na harufu ya dawa ya kidonda. Sabiti alikuwa amekaa sakafuni, mguu mmoja na kiatu, mwingine umefungwa kitambaa. Zuhura alikuwa ameshaingizwa. Alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko, upande wa mdomo usiovimba.

Nyamizi alifungua mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta.

"Baba, toka. Tumejua siye wewe."

Sabiti hakuinuka. Alimeza uji, akafuta kidevu.

"Mmejua nyie wangapi?"

"Mimi, Inspekta, Khushbu na mkeo."

"Wanne." Maneno yalimtoka kwa shida. "Geita ubaoni nipo?"

Nyamizi alichomoa ufunguo. "Upo."

"Tinde?"

"Upo. Na Songwa. Karatasi mpya haiwezi kutoka mpaka Rushabh arudi. Ndiyo nakwenda sasa hivi kuzibandua, moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu."

"Wabeja, mayu," alisema Sabiti, asante ya Kisukuma aliyojifunza kwa wateja wake. Alimtazama mkewe, akautazama mlango ulio wazi, ukumbi mweupe, na mbele yake barabara ambako watu walikuwa wanapita na vikapu vyao. "Basi ukishabandua ya mwisho, uje unitoe."

Akajivuta kwa kiganja mpaka kizingitini, akashika nondo, akauvuta mlango mwenyewe ukajifunga.